Mkuu, psi 90 kwenye barabara nyeupe za Toscana? Toa huo upepo

Usikubali hizo tairi. Nimesoma uzi wako mara mbili nikidhani nimeona vibaya: unakwenda Italia Septemba na mwenzako, siku nne, kutoka Gaiole in Chianti mpaka Montalcino, baiskeli za kukodi, na mwenye duka kakuandikia kwamba atawapa tairi za milimita 28 zilizojazwa upepo "mpaka mwisho", psi 90 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi), ili msipate pancha. Umeuliza njia, malazi, bajeti, chakula na habari za kuonja divai. Wachangiaji wote waliotangulia wamekujibu habari za divai. Hakuna hata mmoja aliyegusa hilo la upepo, na hilo ndilo litakalokupeleka hospitali.

Maneno hayo hayo niliambiwa mimi Septemba 2022, na mtu aliyekuwa na pampu mkononi.

Nimekulia Mpunguzi, Dodoma. Kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na barabara ya vumbi nimeijua tangu darasa la tatu juu ya Phoenix ya baba. Niliposikia kwamba barabara nyeupe za Toscana ni changarawe inayopita katikati ya mizabibu, niliona naijua hiyo kazi. Jamaa wa duka akanipa baiskeli nzuri, nyepesi, akapampu mpaka psi 95. Nilipobonyeza tairi kwa kidole gumba, ilikuwa kama nabonyeza mpini wa jembe. Nikamwambia, "Mzee, hii si ngumu mno?" Akanionyesha picha ukutani, waendeshaji wa zamani wenye tairi nyembamba na mpira wa akiba umevingirishwa mabegani, akasema, "Hawa walipita barabara hizi hizi." Nikanyamaza. Nilijua jibu kwa kidole changu mwenyewe, nikanyamaza kwa sababu yeye ndiye mwenye duka.

Siku ya kwanza dalili zote zilikuwepo. Kwenye kile kilima cha kupanda kwenda ngome ya Brolio, katikati ya misonobari myembamba iliyosimama kama askari, gurudumu la nyuma lilikuwa linazunguka bure kila nikisimama kwenye pedali. Ukiteremka, chupa ya maji inaruka kutoka mahali pake. Vidole vilikufa ganzi nikadhani ni baridi ya asubuhi, wakati jua lilishapanda. Mkuu, zikariri hizo tatu: nyuma kuteleza ukipanda, chupa kuruka, ganzi mikononi. Ukiziona, simama hapo hapo na ufungue valvu.

Mimi sikusimama. Siku ya pili nikaingia Monte Sante Marie.

Hicho ni kipande cha kilomita 11.5 cha changarawe upande wa Asciano, kwenye vilima vya udongo wa kijivu wanavyoviita Crete Senesi. Ni katika vipande vinavyoamua mbio za baiskeli za Strade Bianche, zile zilizoanza 2007 na kumalizikia pale Piazza del Campo, Siena. Fabian Cancellara alishinda mbio hizo mara tatu, 2008, 2012 na 2016, na kipande hiki wamekipa jina lake kwa heshima. Hakuna mizabibu hapo, ni mashamba ya ngano yaliyovunwa, upepo na vumbi jeupe. Barabara inapanda na kushuka, panda-shuka, na kwenye miteremko magari yameifinyanga mpaka imekuwa na migongo kama bati. Juu ya migongo hiyo changarawe imelala kama punje za mahindi zilizomwagwa kwenye sakafu ya saruji.

Nilikuwa kwenye mteremko, sikuwa hata na mbio kubwa. Mbele kuna kona ya kushoto. Nikagusa breki, na gurudumu la mbele lilikuwa linadunda kutoka mgongo hadi mgongo, kwa hiyo nusu ya muda lilikuwa hewani. Breki ikashika gurudumu lisilogusa ardhi. Liliposhuka lilikuwa limeshaacha kuzunguka, likateleza kama sabuni, nami nikaangukia bega la kushoto. Mfupa wa mtulinga ukavunjika mara mbili. Nilikaa kando ya barabara dakika 40 nikisubiri gari la wagonjwa, na mkulima mmoja mwenye trekta akakaa nami muda wote, akanifunika kwa koti lake, hatuelewani lugha. Nampenda mzee yule mpaka leo.

Sasa hesabu. Amana ya baiskeli haikurudi, euro 400, kwa sababu fremu ilipata ufa. Hoteli tatu nilizolipia mbele zikapotea. Upasuaji, bamba la chuma lenye skrubu saba, wiki tisa bila kazi. Mwenye duka, nilipompigia simu kutoka kitandani, aliniambia nilikosea kushika breki. Sikukosea kushika breki! Alinipa tairi isiyoweza kukaa chini, kisha akanilaumu kwa kuruka. Bado nina hasira naye, sitaificha. Mtu anayeishi katikati ya barabara zile na kula kwa barabara zile hana udhuru wa kutojua. Na zile picha zake za ukutani ni ukweli nusu. Ndiyo, kuna L'Eroica, safari ya baiskeli za kale inayofanyika Gaiole mwezi Oktoba tangu 1997, ikianzishwa kuziokoa barabara hizi zisimezwe na lami. Watu huendesha baiskeli zilizotengenezwa kabla ya 1987, wengi kwa tairi nyembamba. Lakini wengi wao hushuka na kusukuma kwenye vilima, na ndio raha ya siku yenyewe. Wataalamu wa Strade Bianche nao wana gari nyuma yao lenye magurudumu ya akiba, na siku hizi hata wao wamehamia tairi pana zaidi zenye upepo mdogo zaidi kuliko walivyokuwa wakitumia zamani. Wewe utakuwa na begi la nguo, na gari la kukufuata huna.

Jambo lenyewe liko hivi. Tairi iliyojaa kupita kiasi haiwezi kulimeza jiwe. Ikikutana nalo haibonyei, inaruka, na kukurusha wewe pamoja na baiskeli. Gurudumu lililo hewani halina breki wala usukani. Tairi pana yenye upepo wa wastani inajikunja juu ya jiwe, inalifunika, inaendelea kushika ardhi. Na ile namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha usalama cha mtengenezaji. Haikuandikwa pale ili uifikie. Wanaokwambia tairi ngumu haipati pancha wanaogopa jambo moja: tyubu nyembamba kwenye tairi nyembamba hubanwa na rimu ikigonga jiwe, ikatoka matundu mawili kama imeng'atwa na nyoka. Dawa yake ni tairi pana, ikiwezekana isiyo na tyubu, yenye ile dawa nyeupe ya maji inayoziba tundu yenyewe.

Kwa hiyo mwambie mwenye duka: milimita 40, zisipungue 38. Mtu wa kilo 75 hivi, tairi ya 40 isiyo na tyubu, mimi naweka psi 30 mbele na 33 nyuma. Nyuma huwa zaidi kwa sababu ndiko uzito ulipo. Ukiwa na mizigo ongeza mbili au tatu. Ukisikia rimu inagonga mawe, ongeza tatu tena. Ukisikia ganzi mikononi, toa mbili. Kama wana tairi zenye tyubu tu, nenda karibu na 45, usiende chini sana. Nunua kipimo chako cha upepo kabla ya kusafiri, kidogo kinachoingia mfukoni, kwa sababu pampu za kukodi hazisemi kitu kimoja, nimezipima. Pima kila asubuhi. Kabla ya lami ndefu unaweza kuongeza kidogo, lakini kabla ya changarawe toa.

Na jambo lililoniuma kuliko yote nililigundua nikiwa nimefungwa mkono. Phoenix ya baba ina tairi za inchi 28 kwa moja na nusu, ambazo ni milimita 40 hivi. Ndio upana ule ule wanaouuza leo kwa bei ya mbuzi wawili kama tairi maalum za changarawe. Fundi wetu wa chini ya mwembe alikuwa anabonyeza kwa kidole gumba, akisikia imekaza mno anatoa, "isikurushe." Nilivuka bahari nikamsikiliza mtu mwingine.

Nilirudi Agosti iliyofuata, tairi za 42, psi 32. Monte Sante Marie ile ile, kona ile ile. Nilipita nikisikia tairi zinanong'ona tu. Nilisimama chini yake nikalia kidogo, kisha nikaendelea mpaka Buonconvento.

Njia: fuateni vibao vya kahawia vya njia ya kudumu ya L'Eroica, ipo mwaka mzima, duara la kilomita 209, na Montalcino imo. Mizabibu mnayoiota iko zaidi Gaiole, Radda na Castellina, kisha tena kuzunguka Montalcino. Katikati ni ngano, msishangae. Vijiji vya kale vilijengwa juu ya vilima kwa ajili ya ulinzi, kwa hiyo karibu kila mlipopanga kulala patakuwa na mpando wa mwisho: kutoka Buonconvento bondeni, mita 150 hivi juu ya bahari, mtapanda mpaka Montalcino, zaidi ya 550. Ombeni gia nyepesi kabisa. Septemba ni mavuno, matrekta yenye matela ya zabibu hutokea kwenye kona bila kelele ya kutosha, nanyi hamtaweza kuyakwepa kwa tairi zinazodunda. Maduka mengi ya vijijini hufungwa mchana, jazeni maji asubuhi. Divai baada ya kufika, si kabla ya mteremko.

Mwandikie mwenye duka leo, kabla hujatuma amana. Akikataa tairi za 40, tafuta duka jingine, Siena na Gaiole hayakosekani. Weka majibu yake hapa pamoja na uzito wako, wa mwenzako na wa mabegi, niwapigie hesabu ya mbele na nyuma kila mmoja.