Pikapu ya mzigo kwenda nayo kazini: fundi anajibu

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja: gari lililoundwa kubeba tani moja sasa linapeleka mtu mmoja ofisini. Linawezekana, ila kuna vitu vya kurekebisha kabla halijakuchosha.

Fundi, habari za kazi. Nimenunua Land Cruiser 79, hii tunayoiita mkonga, injini ya 1HZ. Ilikuwa ya kampuni ya ujenzi. Naendea nayo ofisini na kupeleka watoto shule, kama kilomita 30 kwa siku, bodi tupu. Inaruka hata kwenye lami, mgongo unauma, na juzi kwenye mvua nyuma iliteleza nilipokanyaga breki. Tairi za nyuma najaza upepo PSI 60 (PSI ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) kama dereva wao alivyonielekeza. Niuze? – Msomaji, Dodoma

Usiuze kwanza, dada. Hizo dalili mbili, kuruka na kuteleza, zinaweza kuwa na chanzo kimoja: nyuma ya gari yako imetayarishwa kwa mzigo ambao haupo.

Anza na upepo, maana ni bure. PSI 60 ni ya gari iliyojaa saruji. Ikiwa tupu, tairi huvimba katikati, ikagusa lami kwa ukanda mwembamba tu, na kwenye maji ukanda huo hauna mshiko. Asubuhi tairi zikiwa baridi, shusha za nyuma hadi 40. Chukua chaki, chora mstari mnene unaokatiza uso wote wa tairi kutoka bega hadi bega. Endesha moja kwa moja kwenye lami kavu na tambarare kama mita 200, kisha shuka uangalie. Chaki ikifutika katikati na kubaki mabegani, upepo bado mwingi, punguza PSI 2 urudie. Ikifutika mabegani na kubaki katikati, umepitiliza, ongeza. Ikifutika sawasawa, andika namba hiyo mahali, ila usishuke chini ya kiwango cha kibandiko cha mlangoni. Siku ukipakia mzigo, rudisha upepo kabla ya kuondoka, si njiani.

Kama rimu zako ni zile za vipande viwili zenye pete ya chuma, usimruhusu mtu ajaze upepo akiwa ameinamia tairi. Pete ikichomoka inaua. Ajaze kwa mpira mrefu, asimame pembeni, na tairi iwe ndani ya kizimba kama gereji inacho.

Pili, ingia chini uhesabu vyuma vya springi za nyuma. Magari ya ujenzi mara nyingi huongezewa chuma kimoja au viwili. Cha kuongezewa utakitambua: rangi tofauti, ncha iliyokatwa kwa moto, au yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) ndefu kuliko kawaida. Hicho kiondolewe pande zote mbili kwa pamoja, na yubolti zikazwe upya baada ya kilomita 500. Vya kiwandani viache vyote, hata kile kinene cha chini kabisa. Hapohapo paka grisi kwenye pini za springi na uangalie shokapu kama zinavuja. Shokapu iliyokufa huiacha nyuma idunde mara tatu au nne baada ya tuta, wakati ilitakiwa idunde mara moja itulie.

Tatu, breki, na hapa naomba usicheleweshe. Nyingi za pikapu hizi zina valvu kwenye chesisi iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa kifimbo cha chuma. Bodi ikishuka kwa mzigo, kifimbo husukuma valvu na breki za nyuma hupata nguvu zaidi. Bodi ikiwa juu, nguvu hupunguzwa ili tairi zisijifunge. Kifimbo kikigandishwa na tope na kutu katika hali ya "nimepakia", au mtu akiwa amekikunja, tairi za nyuma hufunga kabla ya za mbele, na hapo ndipo nyuma inapokimbia pembeni. Fundi akisafishe, ahakikishe kinacheza, na akirekebishe upya baada ya chuma cha ziada kutolewa, kwa sababu kimo cha gari kitakuwa kimebadilika.

Ukimaliza yote hayo na bado inaruka, weka mifuko mitatu ya mchanga ya kilo 50 juu ya ekseli ya nyuma, uifunge kwa kamba isitembee. Usiiweke nyuma kabisa karibu na mlango wa bodi, huko inanyanyua pua ya gari na usukani unakuwa mwepesi.

Mafuta: kwa foleni za mjini hesabu lita 14 kwa kilomita 100. Siku 22 za kazi kwa kilomita 30 ni kilomita 660, yaani takriban lita 92 kwa mwezi. Ukiyakubali matumizi hayo, gari utadumu nalo.

Mkonga wangu usukani unatetemeka kwa nguvu nikifika kilomita 80 kwa saa, hasa nikipita kishimo. Nimefunga shokapu mpya ya usukani, ukatulia wiki mbili, umerudi. – Msomaji, Arusha

Shokapu ya usukani inaficha ugonjwa, haiuponyi. Ekseli ya mbele ya gari hili ni chuma kimoja kutoka tairi hadi tairi, kwa hiyo mtikisiko wa upande mmoja unafika upande wa pili. Tafuta kilicholegea kwa mpangilio huu.

Kwanza balansi ya tairi za mbele, na uangalie kama tope limeganda ndani ya rimu. Kisha nyanyua gurudumu moja, weka jiwe la usalama chini ya ekseli. Shika tairi juu na chini, vuta na kusukuma. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni beringi za kingpini, yaani pini ambazo gurudumu hugeukia likikata kona. Halafu shika kushoto na kulia: mchezo hapo ni wa tairodi, fimbo inayounganisha usukani na magurudumu.

Mwisho angalia chuma kirefu kinachokingama kutoka kwenye chesisi upande mmoja hadi kwenye ekseli upande wa pili. Gari likiwa chini na injini ikiwaka, mtu azungushe usukani kidogo kidogo huku na huku, wewe utazame bushi za ncha zake. Chuma kikihama kabla tairi hazijageuka, bushi zimekwisha. Beringi za kingpini nazo zisikazwe kwa kukisia. Kuna vipande vyembamba vya chuma vya kupangia mkazo, na fundi apime kwa mizani ya ndoano, ile ya kuvuta. Zikilegea, mtetemo unarudi, zikibana mno, usukani haurudi wenyewe baada ya kona.

Nikiwa kwenye 4x4 mjini nikikata kona gari linagoma na tairi zinalia. Ni difu? – Msomaji, Iringa

Si difu (gia zinazoruhusu tairi kuzunguka kwa kasi tofauti), kaka, ni matumizi. Kwenye kona tairi za mbele hutembea njia ndefu kuliko za nyuma, na gari hili halina difu ya katikati ya kufidia tofauti hiyo. Kwenye tope tairi huteleza kidogo mambo yakaisha. Kwenye lami kavu haziwezi, mitambo inajikaza. Lami kavu, 4x2 tu. Mkono wa gia ya 4x4 ukikwama haurudi, rudi rivasi mita chache ukiwa umenyoosha usukani, utaachia. Ila mara moja kwa mwezi iingize 4x4 kwenye barabara ya vumbi kilomita 16 hivi, oili ifike kwenye vyuma vya mbele.

Fundi, niko Minneapolis. Nimeona Ford F-250 ya dizeli, lita 6.7, bei nzuri. Kazi iko maili 4 tu, trela navuta mara chache. Baridi ya huku mnaisikia. Ninunue? – Msomaji, Marekani

Kwa maili 4, tafuta F-250 ya petroli. Dizeli hiyo ina chujio la masizi kwenye ekzosi, na chujio hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwa joto kali. Kwa maili 4 za baridi injini haijapata hata joto lake la kawaida unazima. Masizi yanajaa. Mbaya zaidi, ili kupata joto hilo injini hupuliza dizeli ya ziada ndani ya silinda, na ukizima katikati sehemu yake huteremka kwenye oili. Utaona kwenye kijiti cha kupimia oili imepanda badala ya kushuka, na inanuka dizeli. Oili hiyo mwaga, na ujue injini inameza kama lita 12.

Kama umeshalipa: kila wiki itoe barabara kuu dakika 30 hadi 40 bila kusimama. Ukiona gari linasema linajisafisha, usizime hadi limalize. Usiku wa baridi chomeka hita ya injini kwa muda wa saa tatu hadi nne kabla ya kuondoka. Maji ya urea, yale ya kusafishia moshi wa dizeli, huganda kwenye nyuzi -11 za Selsiasi. Tangi lina hita yake, lakini usilijaze pomoni, yakiganda yanatanuka. Na atakayekushauri uling'oe chujio, kataa: sheria ya shirikisho ya hewa safi inakataza.

Pima pia maegesho ya kazini. Yenye milango minne na bodi fupi ina urefu wa mita 6.3 hivi, na kimo chake kinapita mita 2. Takwimu rasmi za mafuta hutazikuta kwenye kibandiko cha kioo cha gari, kwani magari yenye uzito wa juu unaoruhusiwa unaozidi pauni 8,500 hayalazimiki kuzionyesha.

Mkanda wa taimingi wa 1HZ nibadilishe lini? Muuzaji anasema bado mpya. – Msomaji, Nakuru

Kila kilomita 100,000, na ukipasuka valvu hugonga pistoni. Taa ya onyo kwenye dashibodi huzimwa kwa mkono baada ya kubadilisha, hivyo taa iliyozimwa si ushahidi. Bila risiti, hesabu haujabadilishwa: funga mkanda mpya, roli ya kukazia na sili ya mbele ya kranki kwa pamoja, kwani sili ikivuja oili humwagikia mkanda mpya.