Si lazima useme habari za serikali unazitakia nini

Kaka wa Shela, Lamu, uliyeambiwa kwenye ofisi ya kaunti "leta kwanza sababu ya kutaka mkataba wa gati": huyo karani kakuzungusha tu. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kaunti ni serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaongeza kwamba sababu yako, au hata ile wanayokushuku nayo, haikupunguzii haki hiyo.

Andika barua, Kiswahili kinatosha, sheria imekitaja pamoja na Kiingereza. Eleza hasa unachotaka: mkataba wa kazi gani, mwaka gani. Ukiandika "habari zote za gati" utapewa siku nyingi na karatasi chache. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Bila muhuri utavuka kwenda ofisini Mokowe mpaka boti ikujue jina.

Wana siku 21 za kukujibu (saa 48 ikiwa ni jambo la uhai au uhuru wa mtu), na wanaweza kuongeza 14 mara moja tu. Kuomba ni bure. Utalipia kutoa nakala na, ikibidi, kukufikishia, basi.

Wakikataa au wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Commission on Administrative Justice, yaani ofisi ya Ombudsman inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za serikali, ndani ya siku 30. Mzee asiyejua kuandika naye aombe kwa mdomo, afisa ndiye wa kuandika.