Sindano hachagui chakula, anachagua pa kulia

Nina paka wanne hapa Mikindani na kabla hujauliza nimewatoa wapi, sikununua hata mmoja, walifuata harufu ya samaki wakakuta nyumba ina mtu asiyejua kufukuza. Meneja ndo mkubwa, dume, kichwa kama dafu. Chausiku mweusi tii. Korosho ana rangi ya korosho iliyokaangwa ikapitiliza kidogo. Afu kuna Sindano, na huyo jina linajieleza, ukimpapasa mgongo unahesabu pingili moja moja, wageni wakija swali lao la kwanza ni "huyu humlishi?" wakati ndo huyohuyo peke yake niliyekuwa namnunulia vya kwake.

Asubuhi nampa kibua wa kuchemsha, ananusa, anageuza uso, anakaa pembeni kama mwali. Naingiwa huruma nampa maini ya kuku, analamba mara mbili anaondoka. Mchana dagaa, jioni yai, kesho yake firigisi. Yaani nilikuwa napika kama nina mgonjwa wodini, na baada ya wiki mbili tatu nikawa nimemfundisha mwenyewe kwamba ukigoma hiki kinakuja kingine kitamu zaidi. Na alivyobakiza vyote vilikuwa vinaishia kwa Korosho, nitamrudia huyo.

Siku moja nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi, wao wanakula mbele yangu, vibakuli vinne mstari mmoja ukutani kama kwenye hitima. Nikamwona Meneja kamaliza chake kakaa mlangoni mwa jiko. Hakunguruma, hakupiga mtu, hakufanya chochote. Anatazama tu. Sindano kalaza masikio, anamega tonge moja anageuka nyuma, anamega la pili anageuka, la tatu hakulimeza, kalidondosha kapita dirishani. Nikaacha kukuna nazi. Miezi yote nilikuwa nasema hawa hawagombani, kumbe ugomvi wa paka si lazima usikie kelele, anayekaa mlangoni tayari kashinda. Ukifikiria vizuri paka anawinda peke yake, panya mmoja ni mlo wa mtu mmoja, hana desturi ya kula sinia moja na ndugu. Kupanga vibakuli mstari ni akili yetu sisi, labda na ya kuku.

Lakini nisikudanganye, sikuanza na kuhamisha bakuli. Paka mwembamba anayekataa kula usianze kumwita mwenye maringo mpaka ujue haumwi. Nilimtia kwenye kikapu nikaenda kwa jirani anayenunua pweza kwa wavuvi, ana mizani ile ya kuning'iniza, yule baba akaniangalia akasema "dada, huyo kilo unatoa shingapi?" Kilo 2 na gramu 400. Paka wengi wakubwa wanakuwa kilo tatu na nusu hadi tano, hivo nikaona hapa si umbo tu. Mtaalamu wa mifugo akamfungua mdomo, fizi zimevimba upande mmoja, afu akampa dawa ya minyoo kwa kipimo cha uzito wake. Hapo naomba unisikie, usimkatie paka vidonge vyako vya nyumbani kwa kukisia. Parasetamoli ile ya kichwa kikiuma, kidonge kimoja tu kinaweza kumuua paka, ini lake halina uwezo wa kuivunja kama letu. Na kama paka wako ni mzee, anakula sana lakini anazidi kukonda, hiyo hadithi nyingine kabisa, inaweza kuwa tezi ya shingoni au sukari, mpeleke.

Fizi zilipopona ndo nikahamisha meza. Sindano sa hivi anakula juu ya kabati la vyombo, mgongo ukutani, anaona mlango wote. Meneja ni mzito hafiki, na siku za mwanzo alipojaribu nilikuwa natoa wale watatu nje nafunga mlango dakika ishirini. Ishirini tu, zikiisha naondoa sahani hata kama kabakiza, na sileti kingine mpaka muda wake. Siku ya kwanza aligoma kidogo, ya pili akala nusu. Ila uangalie usije ukageuza hii kuwa mashindano ya nani mkaidi, paka asiyegusa kitu kabisa siku nzima na ya pili inaingia mpeleke akaonwe, hasa akiwa mnene, kwa sababu mwili unaanza kutumia mafuta yake na ini linaelemewa. Binadamu anafunga mwezi, yeye hawezi.

Nampa kidogo mara nne kwa siku badala ya rundo asubuhi na rundo jioni. Sahani pana ya bati, na chini yake sahani nyingine yenye maji, maana huku kwetu ukigeuka tu sisimizi washafika.

Jambo lililonishangaza zaidi ni joto. Chakula kilicholala kwenye friji hakigusi, hichohicho nikikiweka kwenye bakuli juu ya maji ya moto dakika chache kikawa vuguvugu, napima kwa kiganja kama uji wa mtoto, anashuka mwenyewe kutoka dirishani. Paka anakula kwa pua, na chakula cha baridi hakinuki. Kwa hiyohiyo sababu niliacha kununua chakula kikavu cha kupima kwenye duka moja mjini, gunia liko wazi wiki nzima kwenye unyevu huu wa pwani, mafuta yameshachacha, afu namlaumu mnyama.

Vyakula vyenyewe sasa. Samaki nachemsha bila chumvi natoa miiba, dagaa wa kukausha naloweka namwaga maji ya kwanza. Wabichi siwapi, aina nyingi za dagaa wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1, ukichemsha kinakufa. Samaki peke yake kila siku hawamtoshi, nachanganya na nyama ya kuku na mioyo, ina taurini, kirutubisho ambacho paka lazima akipate kwenye nyama, akikikosa muda mrefu macho na moyo vinaharibika. Maini kidogo tu, mara moja moja. Mchuzi wetu wa nazi hapana hata kama analia, una vitunguu, na vitunguu vinamharibia damu. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana. Ugali anaweza kulamba lakini hiyo si chakula chake, na shangazi yangu hapa hatuelewani, yeye anasema paka akishiba haui panya. Shangazi shikamoo, jana Sindano kashiba na kaleta panya wawili, mmoja kamweka kwenye kiatu chako.

Miezi mitano baadaye nikarudi kwenye mizani ya pweza. Kilo 2 na gramu 950. Bado mwembamba, na nadhani atabaki hivo, miguu mirefu mwili finyu kama mama yake nilivyomjua, ila pingili hazihesabiki tena.

Kazi iliyobaki ni Korosho. Alizoea makombo ya Sindano na sasa makombo hayapo, anakaa chini ya kabati anaangalia juu, tumbo limetanda sakafuni, na jana nimemkuta shangazi anamtupia ugali kwa siri.