Jiwe la Gangilonga liseme au linyamaze?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naandika riwaya ya Uhehe enzi za Mkwawa. Bibi yangu hunisimulia kwamba jiwe la Gangilonga, hapo Iringa mjini, lilikuwa likisema, na ndilo lililomwonya chifu kuwa Wajerumani wanakuja. Rafiki yangu aliyesoma historia anasema nifute, huo ni ushirikina. Nimeambatanisha sura mbili.
Msomaji, Mafinga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usifute. Gangilonga kwa Kihehe ndiyo hilohilo jiwe linaloongea. Utafuta na jina?

Tatizo la sura zako ni kwamba anayesema "jiwe likanena" ni wewe mwandishi. Mpe mtu alisikie. Mchunga ng'ombe apite pale alfajiri, upepo unavuma kwenye miamba, arudi nyumbani anatetemeka. Mwenzake waliyekuwa pamoja asisikie kitu. Waache wabishane.

Kisha inakuja 30 Oktoba 1894, Wajerumani wanaivamia ngome ya Kalenga na kuiteka. Kama jiwe lilionya, mbona ngome ilianguka? Hilo watu wako wataulizana usiku ule wakiwa wamejificha porini. Mmoja atasema tulionywa tukapuuza. Mwingine, tambiko lilikosewa. Yule asiyesikia kitu atasema ulikuwa upepo tu, na huenda wakampiga. Andika usiku huo kurasa ishirini ukitaka, sitachoka.

Ila kuna kosa lazima ulitoe. Askari wako pale Lugalo anakunywa maji ya kugeuza risasi. Lugalo ni 17 Agosti 1891, siku Zelewski, kamanda wa Wajerumani, alipouawa na Wahehe. Maji yale ni ya Kinjikitile wa Ngarambe, kusini huko, na vita vyake, vya Maji Maji, vilianza 1905. Umemnywesha mtu dawa ya miaka kumi na minne mbele! Imani nayo ina tarehe na kwao, kama bunduki.

Na usiwafanye wahusika wako waamini moja kwa moja kama watoto. Mimi nimefundisha sayansi miaka mingi, lakini usiku sipigi mluzi, nyoka wasije. Siamini. Ila sipigi.

Bibi bado yupo? Nenda Jumamosi hii na daftari, umuulize jiwe lilisema maneno gani hasa, na nani alikuwa wa kwanza kuyasikia. Usimuulize kama ni kweli, atakunyamazia.