Rombasi: pande ziko sawa, pembe je?

Mkuu, umesema binti yako wa darasa la saba amepewa rombasi ABCD (umbo la pande nne zinazolingana), ulalo AC, yaani mstari wa kona hadi kona ya mkabala, unafanya nyuzi 35 na upande AB, atafute pembe zote nne. Kaandika 35 na 145, kitabu kinasema 70 na 110, na sasa anasema hesabu hazimwezi. Zinamweza sana. Karuka hatua moja tu.

Mtazamisheni pembetatu ABC. AB na BC zote ni pande za rombasi, kwa hiyo zinalingana, na hiyo ni pembetatu pacha. Pale A pana 35, basi pale C napo ni 35, na B inabaki 180 toa 70, yaani 110. Ng'ambo ya ulalo kuna pembetatu ADC yenye vipimo hivyohivyo. Ina maana kona A ina 35 mbili, ndiyo 70. Ulalo umeipasua kona katikati. Pembe ni 70, 110, 70, 110, jumla 360. Yeye aliishika nusu ya kona akaiita kona nzima.

Ila asiseme kila msambamba, yaani umbo la pande nne ambalo pande zinazotazamana ziko sambamba, uko hivyo. Katika mstatili mrefu ulalo hulalia upande mrefu, kona haigawanyiki sawa. Ni pande nne kulingana ndiko kunakoleta hilo.

Mimi haya niliyaelewa karakana, si darasani. Nachomelea grili na mageti. Nikiwa bado najifunza, nilikata vyuma vinne vya sentimita 50, nikavishikiza, nikaamini nimepata mraba kwa kuwa pande ziko sawa. Fundi wangu akaniambia, "Pima kona kwa kona." Ulalo mmoja ulisoma 72, wa pili 69 na kitu. Fremu ilikuwa rombasi yenye pembe za nyuzi 88 na 92 hivi, na dirisha lisingeipokea. Mraba wa 50 unataka 70.7 kote kuwili. Tangu siku hiyo sichomelei moja kwa moja kabla ya kupima kona zote mbili.

Akitaka kuliona kwa macho, mwonyeshe jeki ya gari ile inayofunguka kama almasi. Mikono minne haiongezeki hata milimita, lakini ukizungusha parafujo, pembe za juu na chini zinapungua, za kulia na kushoto zinaongezeka, na kila jozi inayotazamana inabaki sawa. Parafujo imelala kwenye ulalo mmoja, gari linapanda kwa kufuata ulalo wa pili, wima kabisa. Ulalo wa rombasi hukatana kwa nyuzi 90 daima. Kwenye swali lake pia: nusu ya 70 ni 35, nusu ya 110 ni 55, zinabaki 90 pale katikati.

Ndivyo ninavyochora almasi za grili. Sianzi na pande, naanza na msalaba: sentimita 80 kwa wima, 60 kwa ulalo wa pili, zikatane katikati kwa skwea, yaani nyuzi 90. Naunganisha ncha nne, na kila upande unatoka 50 kamili, pembe karibu 74 na 106. Mpe rula na protrakta achore hiyo hiyo kwa milimita, kisha apime kona mwenyewe kabla hujamwambia jibu.