Mita 15 za udongo, na bado dawa iko kisimani

SWALI: Kutoka shambani juu hadi maji ya ardhini kuna mita 15 za udongo na mashapo. Kama udongo hunasa viuatilifu, mbona atrazini, dawa ya kuua magugu, imepatikana kisimani?

JIBU: Hunasa, ila si kwa mita zote 15. Kinachoishika atrazini zaidi ni mboji, nayo imejaa juu. Tabaka la kulimwa laweza kuwa na kaboni ya mboji asilimia 2. Ukishapita mita moja, mara nyingi haizidi 0.1.

Tupige hesabu. Kwa atrazini, kipimo cha kunata kwenye kaboni hiyo ni kama lita 100 kwa kilo. Zidisha kwa 0.02 (ile asilimia 2), unapata 2, kipimo cha kunata kwenye udongo wenyewe wa juu. Chukua uzito wa udongo mkavu, gramu 1.5 kwa sentimita ya ujazo, ugawe kwa sehemu iliyojaa maji, 0.3, zidisha kwa ile 2, ongeza 1. Jibu ni 11: maji yakienda sentimita 11, dawa imekwenda moja. Rudia kwa asilimia 0.1 na utapata 1.5 tu. Ikishavuka tabaka la juu, basi, dawa inayafuata maji karibu hatua kwa hatua, na vijidudu vya kuivunja huko chini ni vichache. Hapo hatujagusa nyufa na njia za mizizi, ambamo maji huteremka bila hata kukutana na mboji.

Hesabu hii msiibebe kwa kila dawa. Glifosati, dawa nyingine ya magugu, hushikwa na oksidi za chuma na alumini, ingawa fosfeti hugombea nafasi hizohizo. Parakwati, nayo ya magugu, ina chaji chanya, na udongo wa mfinyanzi huing'ang'ania.

SWALI: Kunata huko kunapimwaje?

JIBU: Kwa kila tabaka peke yake. Gramu 10 za udongo uliokaushwa hewani na kuchekechwa kwa matundu ya milimita 2, pamoja na mililita 50 za maji yenye chumvi ya kalsiamu kloraidi (gramu 1.11 kwa lita) na atrazini miligramu 1 kwa lita. Tikisa saa 24, tenga udongo na maji kwa sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi), pima dawa iliyo kwenye maji. Yakibaki na miligramu 0.8 kwa lita, kila kilo ya udongo imeshika miligramu 1. Gawa kwa 0.8, upate 1.25, yaani kipimo cha kunata cha tabaka hilo, lita kwa kilo.

Tumia chupa za kioo, na moja iwe haina udongo, kwani chupa nayo hunasa. Kosa baya zaidi ni kuhesabu dawa iliyovunjika kana kwamba imenata. Osha udongo kwa methanoli (aina ya alkoholi), pima kilichotoka, uone kama jumla inakaribia ulichotia.