Futi kamba, kiti na saa: kwa mnaoanza kazi ya fiziotherapia Kigoma

Vijana wanaoripoti kwetu kutoka vyuoni huuliza mapema: hapa tunapimaje misuli bila mashine? Wamefundishwa kwamba MRI na CT skani ndizo zinazoonyesha msuli ulivyo, na wamefundishwa vizuri. Picha hizo hulionyesha paja vipande vipande, msuli ukaonekana peke yake, mafuta peke yake, mfupa peke yake. Lakini kazi ya kila siku, uwe mjini, Kasulu au Uvinza, utaifanya kwa futi kamba, kiti na saa. Vifaa hivyo vinatosha kwa mengi, mradi upime kwa namna ileile leo na mwezi ujao, na mradi usiishie kwenye unene wa msuli bila kuuliza msuli huo unaweza kufanya nini.

Chukua mgonjwa wa goti, mchezaji wa mpira aliyekaa wiki kadhaa bila kulikanyagia. Mlaze chali, goti limenyooka, paja limelegea kabisa. Papasa mpaka uupate ukingo wa juu wa pia ya goti. Kutoka hapo pima sentimita 15 kupanda juu, weka alama ya kalamu. Zungusha futi kamba juu ya alama, isiende mshazari, iguse ngozi bila kuibonyeza. Soma, toa, rudia. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya nusu sentimita, pima mara ya tatu. Kisha fanya vilevile mguu wa pili usioumia, kwa sababu ndio utakaokuambia ulioumia umepungua kiasi gani.

Sasa andika. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Utakuta faili limeandikwa "paja la kulia sm 46", basi. Sm 46 ukiwa umepima wapi? Amelala au amesimama? Asubuhi au baada ya mazoezi? Paja hunenepa kadiri unavyopanda, kwa hiyo alama ikisogea sentimita mbili tu kwenda juu utapata "msuli uliokua" ambao haupo, na mgonjwa ataruhusiwa kurudi uwanjani kwa ushahidi wa uongo. Andika umbali kutoka kwenye pia ya goti, upande, mkao na saa. Wala usipime mara tu baada ya mazoezi: damu na maji hujaa kwenye msuli unaofanya kazi, ukanenepa kwa muda.

Kumbuka pia kwamba futi kamba haichagui. Inazunguka ngozi, mafuta, msuli na mfupa kwa pamoja. Kwenye mkono tuna njia ya kupunguza tatizo hilo: pima mzunguko katikati ya bega na kiwiko, pima mkunjo wa ngozi nyuma ya mkono kwa kalipa, yaani kibanio cha kupimia unene, kisha toa mkunjo huo mara 3.14 kutoka kwenye mzunguko. Kina mama wawili wanaweza kuwa na mkono wa sm 28 kila mmoja. Wa kwanza mkunjo wake ni sm 1.5, wa pili sm 2.5. Ukipiga hesabu, wa kwanza anabaki na sm 23.3 na wa pili sm 20.2. Kwa macho mikono yao ni sawa, lakini mmoja ana akiba ya msuli kumzidi mwenzake. Mfupa bado umo humo ndani, hivyo hesabu hiyo ni makadirio, ila ni makadirio yanayokupeleka karibu zaidi na ukweli.

Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, utepe wa rangi tatu umerahisisha mambo, na katika kambi za wakimbizi kama Nyarugusu si kitu kigeni. Mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono umening'inia. Chini ya sm 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kuanzia hapo mpaka kabla ya 12.5 ni njano, 12.5 na kuendelea ni kijani. Lakini usiridhike na kijani kabla hujaangalia miguu. Bonyeza nyayo zote mbili upande wa juu kwa kidole gumba, hesabu sekunde tatu, achia. Shimo likibaki miguu yote miwili, mtoto huyo ana uvimbe wa kwashakoo na anahitaji matibabu hata kama utepe umesema yuko salama. Maji hunenepesha mkono uliokwisha nyama.

Uvimbe unadanganya hata kwa wazee, hasa wenye matatizo ya moyo au figo. Kwao wengi wetu tunapima kigimbi pale kilipojaa zaidi. Wataalamu wa Asia mwaka 2019 waliweka mpaka wa tahadhari chini ya sm 34 kwa wanaume na 33 kwa wanawake. Ni mwongozo mzuri, lakini umetokana na miili ya watu wa huko. Bibi wa Buhigwe aliyepanda milima tangu utotoni usimhukumu kwa namba hiyo peke yake.

Ndiyo maana namwomba kila anayeanza asimwache mzee aondoke bila kukaa na kusimama. Mwongozo wa Ulaya wa 2019 kuhusu sarkopenia, yaani kupungua kwa misuli kunakoathiri uwezo, uliweka nguvu mbele ya ukubwa, nami naunga mkono kwa moyo wote. Egemeza kiti ukutani kisiteleze. Msalimie kwanza, mweleze, uone ameelewa. "Shikamoo bibi, naomba usimame na kukaa mara tano, haraka unavyoweza, mikono ukiikunja kifuani." Akizidisha sekunde 15, nguvu za miguu yake zina kasoro. Kama una kifaa cha kupima mshiko wa kiganja, mpaka ni chini ya kilo 27 kwa mwanaume na 16 kwa mwanamke. Na unapohitaji kupima paja la mama au bibi, vuta pazia, mwite mhudumu wa kike, omba ruhusa. Anayeona haya hukaza misuli, na hapo kipimo kimeshaharibika.

Ukubwa na nguvu vina undugu, lakini si kitu kimoja. Nenda mwalo wa Kibirizi asubuhi mitumbwi inaporudi na dagaa, utawaona wanaume wembamba wakibeba mizigo inayomshinda kijana mwenye kifua cha jimu. Nguvu inategemea pia jinsi mishipa ya fahamu inavyoziamsha nyuzi za msuli, na jinsi nyuzi zenyewe zilivyopangwa. Zikipangwa mshazari, nyingi zaidi huenea mahali padogo na kuvuta kwa nguvu zaidi. Mgonjwa anapoanza mazoezi, wiki za mwanzo nguvu hupanda wakati futi kamba haijasogea. Usimwambie kwamba hajaendelea. Muonyeshe kilo alizonyanyua leo na alizonyanyua siku ya kwanza.

Kuna utafiti wa Boston, wa 1990, ambao napenda kuwasimulia wanaodhani mzee hafundishiki. Wazee wa miaka karibu 90, wakazi wa nyumba ya kutunzia wazee, walifanya mazoezi mazito ya miguu kwa wiki nane. Nguvu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na eneo la msuli katikati ya paja kwa asilimia 9. Linganisha namba hizo mbili. Aliyepima unene peke yake angesema mabadiliko ni madogo.

Upande wa pili ni kasi ya kupotea. Watafiti wa London mwaka 2013 walipima kwa altrasaundi msuli wa mbele ya paja kwa wagonjwa mahututi, wakakuta umepungua karibu asilimia 18 ndani ya siku kumi. Msuli ndiyo ghala la protini mwili unapougua, na ndiko sukari nyingi ya damu huhifadhiwa baada ya mlo. Kwa hiyo mgonjwa wa kiharusi au aliyevunjika nyonga asingoje kupona ndipo akalishwe na kusogezwa. Waambie ndugu wanaomuuguza wasimletee uji mtupu: dagaa waliosagwa, mgebuka, maharage, yai likipatikana.

Siku utakapopata altrasaundi, weka jeli nyingi na usikandamize, maana mkono mzito huubonyeza msuli ukaonekana mwembamba. Mgonjwa alale kwanza dakika kumi na tano hivi ili maji ya mwili yatulie. Na anayerudi kijijini umfundishe kujipima kwa kiti, mjukuu akihesabu sekunde kwenye simu, aziandike kwenye daftari atakalokuja nalo kliniki.